Uvimbe unaouma kwenye njia ya haja kubwa: si kila kitu ni bawasiri

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 33, natoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Wiki tatu zilizopita niliota uvimbe kama punje ya harage pembeni mwa njia ya haja kubwa. Duka la dawa wakaniambia ni bawasiri, wakanipa amoksilini na krimu. Ulinywea, lakini sasa umerudi na ni mkubwa kuliko mwanzo. Unapwita usiku kucha, siwezi kukalia upande wa kushoto, na jana niliona majimaji ya njano kwenye nguo ya ndani. Mzee mmoja anasema nimekalia sana kiti cha moto. Utingo wangu ananitazama kwa macho ya mashaka. Je, hii ni bawasiri? Nitumie dawa gani? Na ninaweza kumwambukiza mke wangu?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri. Kwa jinsi ulivyoeleza, hiyo si bawasiri. Uvimbe uliokua kwa siku kadhaa, unaopwita hata kama hujaenda chooni, unaouma zaidi ukiukalia na ambao sasa umeanza kutoa majimaji ya njano, ni jipu la pembeni mwa njia ya haja kubwa, na sitabadili mawazo hayo hadi atakayekupima kwa macho na mikono anieleze tofauti. Jipu la mahali hapo haliponi kwa vidonge wala kwa krimu. Linapasuliwa, usaha unatolewa, na kazi hiyo ifanyike leo au kesho, si baada ya kushusha mzigo na kurudi. Mkeo hutamwambukiza, kwa kuwa jipu la aina hii si ugonjwa wa zinaa.

Baada ya hilo naomba univumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu wengi wanaobeba maumivu kama yako wamepewa jina lile lile moja na mrija ule ule mmoja wa krimu. Neno bawasiri limebebeshwa mzigo usio wake. Kinachotoka damu huitwa bawasiri, kinachowasha huitwa bawasiri, kinachovimba huitwa bawasiri, na muuza dawa ambaye hajamwinamisha mgonjwa wala kumtazama hutoa dawa ya bawasiri. Bawasiri zipo kweli na zinasumbua watu wengi, lakini zile za ndani, zilizo nyingi, kwa kawaida haziumi: hutoa damu nyekundu mbichi wakati wa choo, pengine zikachomoza na kurudi. Mtu anapolalamika maumivu makali ya uvimbe, bawasiri ya kawaida ya ndani ndiyo inayopaswa kuwa ya mwisho kufikiriwa.

Sababu iko katika maumbile yenyewe. Njia ya haja kubwa ni mfereji mfupi wa sentimita 4 hivi. Sehemu yake ya juu imevikwa utando kama wa utumbo, ambao hausikii mkato wala mchomo. Sehemu ya chini imevikwa ngozi, na ngozi hiyo ina neva nyingi za hisia kama ncha za vidole vyako. Mahali sehemu hizo mbili zinapokutana pana mstari wenye vijimeno kama wa msumeno, na katikati ya vijimeno hivyo pana vishimo ambamo hufungukia tezi ndogo takriban 10, zilizojichimbia hadi kwenye misuli inayobana choo. Kazi yake ni kutoa ute. Mdomo wa tezi mojawapo ukiziba, ute hutuama, vijidudu vya choo huzaliana ndani yake, na usaha hutafuta pa kupita. Njia nyepesi kwake ni kuteremka katikati ya tabaka mbili za misuli hadi chini ya ngozi, pembeni mwa tundu. Uvimbe unaougusa kwa kidole chako, kwa hiyo, ni mwisho wa safari iliyoanzia sentimita mbili au tatu ndani.

Ukielewa hivyo utaona kwamba kiti cha moto hakihusiki, na macho ya utingo wako pia hayana msingi. Tezi hizi kila binadamu anazo, mwanamume na mwanamke, na hata watoto wachanga hupata majipu haya, hasa wa kiume. Uvimbe huu hautoi ushahidi wowote juu ya namna mtu anavyoishi na mwenzake. Nalisema waziwazi kwa sababu nimewaona wanaume waliokaa na jipu majuma mawili, wakalala kifudifudi na kujifungia chumbani, kwa kuogopa tu kudhaniwa vibaya, na walipofika kwetu lilikuwa limekwisha kuzunguka njia nzima ya haja kubwa kama kwato ya farasi.

Sasa kuhusu zile amoksilini. Dawa ya kumeza husafirishwa na damu, na ndani ya mfuko wa usaha hakuna mshipa wa damu hata mmoja. Vidonge vilituliza wekundu na joto la pembezoni, uvimbe ukanywea, ukadhani umepona; mfuko wenyewe ulibaki pale pale ukiendelea kujaa. Sisemi kwamba antibiotiki hazina kazi. Tunazitoa pamoja na upasuaji kwa mwenye kisukari, kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka, kwa mwenye valvu bandia ya moyo, na kwa yeyote ambaye wekundu unasambaa kwenye kalio au ana homa. Kuzitoa badala ya kupasua ndilo kosa, na ni kosa la kila siku.

Upasuaji wenyewe ni mdogo na hospitali ya wilaya inauweza. Unalala kwa ubavu wa kushoto au kwa mkao mwingine atakaoutaka daktari, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, shuka limekufunika, na panapoachwa wazi ni pale tu panapotibiwa. Jipu dogo lililo chini ya ngozi hupasuliwa kwa ganzi ya hapo hapo. Kubwa au lililozama huhitaji ganzi ya mgongoni au usingizi, kwa sababu kuliminya mgonjwa akiwa macho ni ukatili usio na faida. Mpasuaji mzoefu hukata karibu na tundu kadiri anavyoweza, na sababu yake nitaieleza punde. Usaha hutoka kwa nguvu, mzito, wa rangi ya maziwa yaliyoganda na wenye harufu kali, na hapo hutokea jambo ambalo baada ya miaka mingi bado linanigusa: mtu aliyeingia akitembea kwa hatua za kunyata, kama aliyebeba mtungi uliojaa kichwani, hupitiwa na usingizi kabla hajatolewa mezani, kwa kuwa ni mara ya kwanza kwa siku nne au tano kutosikia kile kipigo cha maumivu. Tiba zinazotoa nafuu kwa kasi hiyo ni chache.

Kidonda hakishonwi. Huachwa wazi kipone kutoka chini kuja juu, jambo linalochukua takriban wiki 3 hadi 8 kulingana na ukubwa wake. Zamani tulikijaza shashi kila siku, na mgonjwa alilia kila ilipobadilishwa. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kujaza huko huongeza maumivu bila kuzuia jipu kurudi, kwa hiyo ukikutana na muuguzi anayeshikilia utaratibu huo wa zamani, muulize kwa adabu kama kitambaa cha kufunika kwa juu hakitoshi. Utakalofanya wewe ni kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila utokapo chooni. Maji matupu yanatosha. Dawa kali za kusafishia vidonda huunguza nyama changa inayojaribu kuota.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, nami sitaki ulisikie kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu. Kati ya theluthi na nusu ya watu waliopata jipu la aina hii hubaki na fistula, yaani kijia chembamba kinachounganisha kile kishimo cha ndani na ngozi ya nje. Jipu hupona, lakini hubaki kijitundu kama cha chunusi kinachotoa majimaji, kinaziba, panavimba na kuuma kwa siku kadhaa, kinapasuka chenyewe, nafuu inakuja, kisha mzunguko unaanza upya. Kwa kuwa uvimbe wako umekwenda na kurudi ndani ya wiki tatu, inawezekana kijia hicho kimeshaanza. Hii ndiyo sababu ya kukata karibu na tundu: kama fistula itabaki, basi iwe fupi.

Kwetu neno fistula humfanya msikilizaji afikirie mwanamke aliyepata jeraha la uzazi na kuvuja mkojo, ugonjwa ambao hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imeutibu kwa miaka mingi. Hiyo ni nyingine kabisa. Yako, kama ipo, haivujishi mkojo na haitokani na uzazi. Tiba yake hutegemea kijia kimepita wapi, na mgawanyo tunaoutumia hadi leo ni wa aina nne uliopangwa mwaka 1976 na Alan Parks, mpasuaji wa Uingereza. Kijia kifupi kilichopita juu juu hufunuliwa kwa urefu wake wote, kikapona kama mfereji uliofukiwa, na wengi hawakioni tena. Kijia kilichokatiza sehemu kubwa ya misuli ya kubana choo hakifunuliwi ovyo, kwa sababu atakayeikata misuli hiyo atakuondolea maumivu na kukuachia aibu ya kushindwa kuzuia choo au upepo. Kwa hicho tunapitisha uzi laini unaozunguka ndani na nje kama hereni, ili usaha uendelee kutoka na pasivimbe tena, kisha baada ya wiki au miezi hupangwa upasuaji wa pili. Wagonjwa huuogopa uzi huo wanapousikia, lakini baada ya siku chache huusahau, na dereva anaweza kurudi kazini nao. Fistula iliyopinda au iliyorudi hustahili kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kabla ya kisu, na mpasuaji asiyekiagiza katika hali hiyo anabahatisha.

Niongeze neno moja kwa ajili ya aibu inayokukaba. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyejengewa jumba la Versailles na kuogopwa na Ulaya nzima, aliugua fistula ya njia ya haja kubwa, akapasuliwa tarehe 18 Novemba 1686 na mpasuaji Charles-François Félix, bila ganzi, kwa kuwa ganzi haikuwepo. Alipona. Ugonjwa huu haukuchagua maskini wala mkosefu.

Fistula inapokuwa sugu katika nchi zetu, mimi huagiza kipande cha nyama ya kile kijia kipelekwe maabara kutazamwa kifua kikuu, kwa sababu kifua kikuu hujificha hapo pia, hata kwa mtu asiyekohoa. Na kila mwenye jipu la mahali hapa apimwe sukari na virusi vya UKIMWI. Si kwamba namtuhumu. Nimeshakutana na watu waliogundua kisukari chao kupitia jipu kama hili, kabla hakijafika kwenye macho au figo.

Dalili zinazokutaka usingoje hata asubuhi ni homa yenye kutetemeka, mkojo kugoma kutoka, wekundu unaosambaa kwenye korodani au paja, na hasa ngozi inayogeuka kuwa ya zambarau au nyeusi, yenye malengelenge na harufu mbaya. Hiyo ya mwisho ni nyama kuoza kwa kasi. Huwapata zaidi wenye kisukari, na inaua ndani ya siku chache. Ukiiona, lori liegeshwe popote lilipo, na utafutwe usafiri wa kwenda hospitali ya rufaa iliyo karibu.

Hayo ndiyo yako. Lakini wasomaji wengine wana uvimbe usiofanana na wako, na njia nzuri ya kuutofautisha ni kuyasikiliza maumivu yenyewe, kwa kuwa kila ugonjwa una saa zake.

Kuna maumivu yanayoanza ghafla, ndani ya saa chache, mara nyingi baada ya kunyanyua mzigo, kukohoa sana, kujikamua chooni au kujifungua. Mtu anapojigusa anakuta kitu kigumu cha mviringo ukingoni kabisa mwa tundu, na akitazamwa kinaonekana cha rangi ya samawati iliyokolea au zambarau. Hakina homa wala usaha. Ni damu iliyoganda ndani ya mshipa mdogo chini ya ngozi, na hii ndiyo aina ya bawasiri inayouma, ile ya nje. Maumivu huwa makali siku mbili za mwanzo, huanza kupungua siku ya tatu au ya nne, na uvimbe huyeyuka wenyewe kwa wiki moja hadi tatu, pengine ukiacha kikunjo cha ngozi kisicho na madhara. Mgonjwa akifika ndani ya saa 72 na maumivu hayavumiliki, huwa tunaondoa mshipa huo kwa ganzi ya hapo hapo: ngozi inapokatwa hujitokeza bonge jeusi linalong'aa, mfano wa zambarau iliyoiva, na mgonjwa hushusha pumzi. Akifika siku ya tano huwa namshauri asikatwe, kwa sababu kisu kitamletea maumivu mapya wakati ya zamani yanaondoka. Mwanamke aliyejifungua juzi apewe maji ya uvuguvugu, parasetamoli na kilainisha choo. Asitishwe.

Maumivu mengine hayapo kabisa hadi mtu aende chooni. Choo kinapopita anasikia kama amepitisha kigae cha chupa, anaona mistari michache ya damu kwenye karatasi au maji, kisha panabaki pakiwaka moto kwa nusu saa, au hata saa kadhaa, hadi anaanza kuogopa kula ili asiende tena. Huu ni mchaniko wa ngozi ya ndani, karibu kila mara upande wa nyuma katikati. Ukikaa zaidi ya wiki sita, chini yake huota kinyama kidogo kama ulimi, na kinyama hicho ndicho mgonjwa anachokileta akisema ana bawasiri. Kukikata kinyama bila kutibu mchaniko hakumsaidii. Msuli wa ndani umekaza kwa maumivu, ukikaza damu haifiki pale, na pasipofika damu hapaponi. Kwa hiyo tiba ni kuulegeza msuli. Mchaniko mpya mara nyingi hupona kwa choo laini na maji ya uvuguvugu. Uliokomaa hupakwa mafuta ya diltiazemu ya asilimia 2 au ya nitrogliserini kwa wiki 6 hadi 8. Nitrogliserini huumiza kichwa, na haipaswi kabisa kutumiwa na mwanamume anayemeza sildenafili au dawa nyingine za jamii hiyo za nguvu za kiume, kwa kuwa zikikutana shinikizo la damu huporomoka kwa hatari. Nalitaja hilo kwa sababu dawa hizo zinauzwa kama pipi, na wanaozimeza hawasemi. Dawa za kupaka zikishindwa, upasuaji mdogo wa kukata sehemu ya msuli wa ndani huponya walio wengi. Mchaniko ulio ubavuni badala ya katikati hunitia wasiwasi, nami huutafutia kaswende, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI au saratani.

Vipele vidogo vyenye usaha kwenye mizizi ya nywele, baada ya kunyoa kwa wembe, ni uambukizi wa vinyweleo, na vingi huisha kwa usafi na kuacha kunyoa kwa muda. Uvimbe ulio juu zaidi, kwenye mfereji wa makalio karibu na kifupa cha mkia, huwa ni mfuko wa nywele zilizojichoma ndani ya ngozi. Katika Vita Vikuu vya Pili uliwapata wanajeshi wa Marekani kwa maelfu, wengi wao wakiwa wanaosafiri kwa magari ya jeep, ndiyo maana nimeutaja mbele yako ingawa maelezo yako hayaelekei huko. Majipu yanayojirudia mwaka hadi mwaka kwenye makalio, kinena na kwapa zote mbili, yakiacha makovu na vijia, ni ugonjwa wa ngozi wenye tiba yake ya muda mrefu, na anayeugua apelekwe kwa daktari wa ngozi badala ya kupasuliwa kila mara.

Malengelenge madogo yaliyokaa kwa kundi, yanayounguza kabla hata ya kuonekana, kisha yakapasuka na kuwa vidonda vyepesi, ni ya kirusi cha hepesi. Asiklovia ya miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, huyafupisha, lakini kirusi hubaki mwilini na kinaweza kurudi. Sunzua, ambazo wengine huziita masundosundo, huota kama koliflawa, huwasha zaidi ya kuuma, na huondolewa kwa dawa ya kupaka, kwa kugandishwa au kwa kuunguzwa. Ziangaliwe na mtu anayejua, kwa sababu kaswende ya hatua ya pili hutoa vinundu bapa vyenye unyevunyevu vinavyofanana nazo, na hivyo hupona kwa sindano ya penisilini, si kwa kuunguza. Tangu mlipuko wa mpox wa mwaka 2024, uliotoka mashariki ya Kongo ukafika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, kisha Tanzania mwaka 2025, tunamuuliza pia kila mwenye upele wa usaha mahali hapo kama ana homa na matezi yaliyovimba. Magonjwa ya aya hii yanaambukizwa kwa kugusana, mengi kwa kujamiiana, kwa hiyo mwenzi naye achunguzwe.

Saratani ya njia ya haja kubwa si ya kawaida, lakini ipo, na hatari yake iko juu kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Huanza kama kidonda au kinundu kigumu, chenye kingo zilizonyanyuka, kisichopona. Kauli ninayowapa wanafunzi wangu ni hii: kitu chochote cha mahali hapo ambacho hakijapona kwa wiki sita za tiba sahihi kikatwe kipande kidogo kipelekwe maabara. Chanjo ya kirusi cha HPV inayotolewa kwa wasichana, ambayo Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, ililenga saratani ya mlango wa kizazi, lakini aina ya 16 ya kirusi hicho ndiyo pia iliyo nyuma ya nyingi kati ya saratani hizi.

Nirudi kwenye mrija ule wa krimu. Krimu nyingi zinazouzwa kwetu kwa kila tatizo la ngozi ni mchanganyiko wa antibiotiki, dawa ya fangasi na steroidi kali. Steroidi hutuliza muwasho siku mbili za kwanza, ndiyo maana watu huzisifu; lakini hupunguza kinga ya mahali hapo, huyapa fangasi na hepesi uwanja, na zikipakwa kwa wiki nyingi ngozi huwa nyembamba kama karatasi na kuchanika yenyewe. Iache. Achana pia na wanaotangaza kukausha bawasiri kwa kupaka dawa zinazounguza: nimetibu wagonjwa ambao tundu lao la haja kubwa lilibaki na kovu jembamba kiasi kwamba hata choo laini kilipita kwa shida, na kovu la namna hiyo ni gumu kulitengeneza kuliko jipu lolote. Tena usilikamue wala kulitoboa kwa sindano. Kwa maumivu, meza parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Dawa za jamii ya kodeini na tramadoli uziepuke ukiweza, kwa kuwa hufunga choo, na choo kigumu juu ya kidonda kibichi ni adhabu.

Kuhusu choo, barabara yako naifahamu. Chipsi mayai Chalinze, nyama choma Mikumi, soda moja, na maji machache kwa makusudi ili usisimame mara kwa mara; kisha haja inabanwa hadi Makambako kwa kukosa choo cha kuaminika. Hivyo sivyo vinavyoleta jipu, lakini ndivyo vinavyoleta mchaniko na bawasiri, na vitachelewesha kidonda chako. Badilisha ugali wa sembe uwe wa dona unapoupata, ongeza maharage, mchicha, matembele, papai na machungwa, weka galoni la maji karibu na kiti na ulimalize, na haja ikija iheshimu. Chooni usikae na simu; dakika tano zinatosha, na kama hakuna kitu, nyanyuka.

Najua kwamba kinachokuchelewesha si umbali wa hospitali bali ni kuvua nguo mbele ya mtu. Unayo haki ya kuomba uchunguzwe faraghani, kuomba daktari wa kiume kama yupo, na kuomba akueleze kila hatua kabla hajakugusa. Kama maumivu ni makali, kidole hakina haja ya kuingizwa wala kifaa kusukumwa wakati uko macho. Kutazama na kugusa pembeni kunatosha kulitambua jipu, na mengine yatafanyika ukiwa na ganzi. Ukikutana na mhudumu anayecheka au kuuliza maswali ya kukudhalilisha, omba mwingine.

Basi, leo mpigie tajiri wako umwambie unahitaji upasuaji na hutaweza kukaa kwenye usukani kwa wiki moja au mbili. Kuanzia saa sita usiku usile, ili ganzi ikihitajika isicheleweshwe. Vaa nguo isiyobana, chukua shashi au pedi za kufyonza majimaji baadaye, na mtu wa kukurudisha nyumbani. Ukifika mapokezi, usiseme una bawasiri, maana utarudishwa na krimu nyingine. Sema una jipu kwenye njia ya haja kubwa, limeanza kutoa usaha, na unaomba kuonana na daktari wa upasuaji. Akishakupasua, muulize kama ameona mdomo wa fistula, na umwombe akupangie tarehe ya kukuangalia tena baada ya wiki sita, hata kama utakuwa umepona.